Idadi ya watu Isiolo na maana halisi ya ‘nadharia tete’

KATIKA tasnifu nyingi za uzamili ninazosahihisha, sura ya mwisho huwa na sentensi hii: ‘Nadharia tete yetu imethibitishwa.’ Kila nikiiona, kalamu yangu husita. Neno ‘tete’ lenyewe linakipinga kitenzi hicho. Magazetini tunasoma kwamba hali ya usalama mahali fulani ni tete, yaani haijatulia na yaweza kubadilika wakati wowote. Nadharia tete, basi, ni kauli inayosubiri kujaribiwa. Takwimu huweza kuikataa au zikashindwa kuikataa. Kuithibitisha ni jambo jingine kabisa.

Kosa hili ni la kale. Mnamo 1710, John Arbuthnot alionyesha kwamba kwa miaka 82 mfululizo wavulana waliobatizwa London walikuwa wengi kuliko wasichana. Lau kila mwaka ungekuwa kama kurusha sarafu, matokeo hayo yasingetarajiwa asilani. Akaikataa bahati nasibu, na hapo hakukosea. Kisha akahitimisha kwamba huo ni mpango wa Mungu. Hatua hiyo ya pili hesabu yake haikuijaribu. Ilipofika 1935, Ronald Fisher aliweka wazi kwamba kauli ya msingi, ile inayodai hapana jipya, huweza kukanushwa tu, haithibitishwi kamwe. Miaka miwili kabla ya hapo, Jerzy Neyman na Egon Pearson walikuwa wamesisitiza kwamba kando yake lazima iwekwe kauli mbadala, tena yapo makosa mawili ya kuhofia: kukataa lililo kweli, na kuacha lipite lisilo kweli.

Sasa hebu tuje Isiolo. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 100,861. Ile ya 2009 ikapata 143,294, ongezeko la asilimia 42. Mwaka wa 2019 idadi ilifika 268,002, ongezeko la asilimia 87, ilhali Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23 tu. Kauli yetu ya msingi iwe hivi: Isiolo iliendelea kukua kwa kasi yake ya awali. Kama ni hivyo, mwaka wa 2019 tungetarajia watu wapatao 203,000. Waliozidi ni takriban 64,000. Ni kweli kwamba sensa si sampuli, kwa hivyo hatuwezi kusingizia bahati ya kuchagua wachache. Mantiki lakini ni ileile: kauli ya msingi imekataliwa.

Haya, tuweke nini mahali pake? Wa kwanza atasema ni wahamiaji waliovutiwa na barabara ya kwenda Moyale, uwanja wa ndege na mradi wa LAPSSET uliozinduliwa 2012. Wa pili atasema 2009 ulikuwa mwaka wa ukame, wafugaji walikuwa mbali na mifugo yao, wengi hawakuhesabiwa. Wa tatu atanong’ona kwamba hesabu ya 2019 ilitiwa chumvi. Namba 268,002 yapatana na wote watatu, jamani! Haimpi yeyote ushindi.

Kila kauli mbadala idai ushahidi wake. Kama ni wahamiaji, tutarajie watu wazima wengi waliozaliwa kwingine, na dodoso la sensa huuliza mahali pa kuzaliwa. Kama 2009 watu waliachwa, daftari za shule za wakati huo zidokeze watoto wengi kuliko sensa. Kama ni chumvi, mgawanyo wa umri na jinsia utakuwa na sura isiyo ya kawaida. Na huenda zote tatu zina chembe ya ukweli.

Njia hii ilishatumika nchini. Agosti 2010, waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, Isiolo ikiwa haimo. Hoja ilikuwa kwamba ongezeko lilizidi linaloweza kuelezwa na vizazi na vifo, na mpangilio wa umri na jinsia haukuwa wa kawaida. Suala hilo lilifika mahakamani, na si ajabu. Katika fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha, idadi ya watu ilibeba asilimia 45. Ukiikataa hesabu ya kweli, unawanyima watu zahanati na maji. Ukiipokea ya uongo, unawanyang’anya majirani zao. Ndiyo yale makosa mawili ya Neyman na Pearson, ila hapa yana walipaji.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi na wanahabari wachunge vitenzi. Andika nadharia yako kabla ya kufungua data. Matokeo yakija, sema ‘tumeikataa’ au ‘hatukupata sababu ya kuikataa’. Neno ‘imethibitishwa’ liache likae kamusini hadi washindani wote wa jibu lako wajaribiwe pia.