Tairi Gani Itakushikilia Mteremkoni? Mambo 8 ya Kujua Kabla Utoe Doh

Kama wewe ni wa kuzunguka Karura Jumamosi asubuhi, picha mbili tatu kisha chai, tairi ulizonazo pengine zinatosha. Lakini kama umeanza kushuka kwa fujo Ngong Hills, kuruka mizizi kule Tigoni na kuingia kona bila kushika breki, hii stori ni yako.

Ukweli ni huu: kwa baiskeli yako yote, vitu viwili tu ndivyo vinagusa ardhi, na kila kimoja kinagusa kwa eneo dogo kuliko kiganja chako. Suspenshoni ya laki moja haitakuokoa kama mpira umeachilia. Na tairi ya mbele ikiteleza kwa kona, huwa hakuna wakati wa kufikiria. Unashtukia bega liko chini, na mfupa wa mtulinga ndio hulipa hiyo bili. Kwa hivyo tulia, tupange hii maneno pole pole.

1. Kwanza jua wewe ni wa mbio gani

Enduro ni mashindano ambayo unapimwa saa ukishuka. Kupanda unapanda mwenyewe, lakini hakuna anayekuhesabia dakika, bora ufike kwa mstari kwa muda uliopangwa. Maana yake ni kwamba baiskeli ya enduro inataka tairi inayoshika na isiyopasuka, hata kama ni nzito kidogo kupanda nayo.

Wa crosscountry yeye anapimwa kila mahali, kwa hivyo anataka tairi nyepesi inayokimbia. Katikati ndio kuna wengi wetu: tunapanda kwa jasho, tunashuka kwa furaha. Ukinunua tairi ya crosscountry juu ni nyepesi halafu uende kurukia mawe, umenunua pancha. Ukinunua ya downhill kabisa na kazi yako ni kupanda kilomita 30, umenunua mateso.

2. Mbele na nyuma si kazi moja

Hapa ndipo wengi huchomeka. Wanaenda kwa duka, wanabeba pea inayofanana, wanarudi hao.

Tairi ya mbele ndiyo inakupeleka kona na ndiyo inabeba breki nyingi zaidi. Ikiteleza, umeanguka. Ya nyuma ikiteleza, mara nyingi unacheza nayo tu na unaendelea. Kwa hivyo kanuni ni fupi: tairi yenye meno makubwa na mpira laini inakaa mbele. Nyuma weka inayozunguka kwa urahisi, lakini yenye ngozi ngumu, kwa sababu nyuma ndiyo inagongwa na mawe na ndiyo inabeba uzito wako mwingi.

Mfano unaojulikana na wengi ni wa Maxxis: Assegai mbele, Minion DHR II nyuma. Assegai ilitengenezwa pamoja na Greg Minnaar, bingwa wa downhill kutoka Afrika Kusini, na jina lenyewe ni la mkuki. Kwa Schwalbe, wengi huweka Magic Mary mbele na Big Betty nyuma. Continental nao wana Kryptotal, ambayo inauzwa kwa aina mbili, moja ya mbele na nyingine ya nyuma. Si lazima ununue hizo hizo. Angalia tu wazo: mbele ishike, nyuma ivumilie.

3. Soma meno kama unavyosoma udongo

Shika tairi mkononi uangalie sehemu tatu.

Meno ya katikati ndiyo unatumia ukienda moja kwa moja na ukifunga breki. Yakiwa mafupi na yamebanana, tairi inakimbia. Yakiwa marefu yenye nafasi, inachimba lakini inakuchosha kwa lami.

Meno ya pembeni ndiyo ya kona. Haya usikubali yawe laini kama ya karatasi. Yabonyeze kwa kidole gumba. Yakilala kirahisi, kwa kona ya kasi pia yatalala.

Nafasi katikati ya meno ndiyo inaamua matope yatatoka ama yatakwama.

Sasa leta hiyo hesabu kwa njia zetu:

- Udongo mwekundu wa Karura na Limuru. Ukikauka ni kama simiti yenye vumbi juu. Mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Hapa unataka meno ya pembeni makali na nafasi ya kutosha, hasa msimu wa mvua wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Disemba.
- Ngong Hills. Nyasi, mawe yaliyoshikana na mengine yanayobingirika. Mpira laini unasaidia kuliko meno marefu, kwa sababu meno hayawezi kuchimba jiwe.
- Hell's Gate na Naivasha. Vumbi, changarawe, na mawe ya obsidian ambayo ni kioo cha volkano. Hicho kinakata tairi kama wembe. Ngozi ngumu ndiyo dawa.
- Kajiado na njia ya Magadi. Kukiwa kavu, miiba ya migunga ndiyo adui namba moja. Kukinyesha kwa black cotton, usijidanganye, hakuna tairi itakusaidia. Ule udongo unajaa hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Beba baiskeli ama urudi nyumbani.

4. Mpira laini ama mgumu?

Tairi mbili zinaweza kuwa na meno sawa kabisa, jina sawa, na bado moja ishike na nyingine iteleze. Tofauti ni mchanganyiko wa mpira. Mpira laini unajibandika kwa mawe na mizizi yenye maji, lakini unaisha haraka na unavuta miguu ukipanda. Mpira mgumu unadumu na unakimbia, lakini kwa jiwe lenye maji unakusaliti.

Hizi habari huandikwa pembeni ya tairi. Kwa Maxxis, MaxxGrip ndiyo laini zaidi, MaxxTerra iko katikati, na Dual ni ngumu zaidi na bei yake huwa nafuu. Schwalbe wa Addix hutumia rangi: mstari wa zambarau ni Ultra Soft, wa rangi ya machungwa ni Soft. Continental wana SuperSoft, Soft na Endurance.

Kwa msee wa kawaida, mpira wa katikati mbele na mgumu kiasi nyuma unatosha. Ukiwa wa kushindana, ama unapenda kuendesha kukiwa kumenyesha, weka laini kabisa mbele pekee. Nyuma utaumaliza kwa muda mfupi sana, hasa kama unafika msituni kwa lami.

5. Ngozi ya tairi: hapa usibanie

Chini ya meno kuna kitambaa cha nyuzi kilichofunikwa na mpira. Hiyo ndiyo ngozi. Nyembamba ni nyepesi na inakunjika vizuri juu ya vikwazo vidogo, lakini inakatika. Nene ni nzito, lakini inakaa wima ukiegemea kona na haifinywi kirahisi na rimu.

Kwa Maxxis, ngazi zinapanda hivi: EXO, EXO+, DoubleDown, kisha DH. Continental wamerahisisha: Trail, Enduro, Downhill. Tairi ya trail ya inchi 29 huwa karibu kilo moja. Ya downhill hupita kilo 1.2 bila shida. Hiyo tofauti utaisikia kwa kila mlima.

Mchanganyo mzuri wa njia zetu: mbele EXO+ ama inayofanana nayo, nyuma ngazi moja juu. Kama una kilo 90 na unapenda kuruka, nenda DoubleDown nyuma na usiangalie mizani.

6. Saizi: soma namba, usikisie

Pembeni ya tairi kuna namba kama 61-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inakaa kwa rimu. 622 ni baiskeli ya inchi 29, 584 ni ya 27.5, na 559 ni ya 26. Baiskeli nyingi za mtumba bado ni 26, kwa hivyo angalia kabla ya kutuma pesa kwa mtu wa mtandaoni. Tairi haiwezi kuvutwa ikae.

Upana wa kushuka kwa nguvu ni inchi 2.3 hadi 2.5. Inafanya kazi vizuri kwa rimu yenye upana wa ndani wa karibu milimita 30. Ukiweka tairi ya 2.5 kwa rimu nyembamba ya zamani, inakuwa mviringo kama puto na inayumba kwa kona. Pia pima nafasi kwa fremu na uma wa mbele. Matope yakijaa, lazima kuwe na mahali pa kupita.

7. Presha ndiyo uchawi wa bure

Kuna wasee wamenunua tairi za maelfu halafu wanazijaza hadi zinakuwa mawe. Tairi ikijazwa sana inadunda badala ya kushika. Ikikosa upepo, rimu inagonga jiwe na tyubu inatoboka matundu mawili sambamba, kama umeumwa na nyoka.

Anza hapa, kwa tairi ya 2.4 isiyo na tyubu:

- Kilo 60: mbele PSI 19–21, nyuma 21–24
- Kilo 75: mbele PSI 21–23, nyuma 24–26
- Kilo 90: mbele PSI 24–26, nyuma 27–30

Ukiwa na tyubu ongeza PSI 4 hadi 6. Halafu badilisha moja moja. Rimu ikigonga mawe, ongeza. Baiskeli ikidunda na mikono ikiuma, punguza. Nunua kipimo kidogo cha presha. Kidole gumba hakijui tofauti ya 22 na 27, na hiyo tofauti ndiyo kukaa ama kuanguka.

8. Toa tyubu kama unaweza

Kwa nchi yenye miiba kama yetu, tairi bila tyubu ni baraka. Ndani unaweka maji mazito ya mpira. Mwiba ukiingia, yanakimbia kwenye tundu na kuliziba ukiendelea kukanyaga. Kwa gurudumu la 29, mililita 90 hadi 120 zinatosha. Yanakauka, na joto linayakausha haraka zaidi, kwa hivyo fungua uangalie kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Hakikisha rimu na tairi zote zimeandikwa kwamba zinakubali hii mambo. Kwa Maxxis utaona herufi TR. Usilazimishe tairi ya kawaida. Inaweza kuchomoka kwa rimu ukiwa kwa kasi. Na bado beba tyubu moja na pampu. Mkato wa obsidian hauzibwi na maji.

Kama mfuko ni mwepesi

Najua unasema, buda, hizo ni doh za kodi. Sawa. Basi fanya hivi: nunua tairi moja tu nzuri, uiweke mbele. Ile ya mbele ya zamani ihamishe nyuma. Nyuma ikiisha, rudia hivyo hivyo. Kwa njia hii mbele iko mpya kila wakati, na hakuna mpira unaotupwa kabla ya wakati wake.

Ukinunua iliyotumika, usiangalie meno pekee. Ikunje pembeni utafute nyufa ndogo. Bonyeza mpira kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama plastiki, umezeeka hata kama meno yako sawa. Pitisha kidole ndani utafute viraka na nyuzi zilizokatika. Muuzaji akikataa uiguse, hiyo tayari ni jibu.

Na jua wakati wa kuaga. Meno ya pembeni yakianza kuchanika kwenye mizizi yake, ama ya katikati yakikaribia kipara, hiyo tairi sasa ni ya kwenda dukani kununua mkate. Mteremkoni isirudi.

Kabla ushuke, dakika mbili tu

- Mshale wa mzunguko uliochorwa pembeni unaelekea mbele?
- Presha umepima leo, ama ni ya wiki jana?
- Pembeni hakuna mkato wala uvimbe?
- Tairi imekaa sawa kwa rimu pande zote?
- Tyubu ya akiba na pampu ziko kwa begi?

Kama majibu yote ni ndiyo, vaa helmeti, achilia breki, na umwachie kona ya kwanza nafasi ya kukuonyesha kama umechagua poa.