Mashini ya CD, shaba na sauti ya mji wetu

Tukitaja mila, mara nyingi tunafikiri ngoma, mavazi ya wazee na hadithi za usiku. Lakini kusikiliza muziki nyumbani nako ni mila, na mu Likasi ina historia yake. Sehemu moja ya historia hiyo ni mashini ya CD, ile nzito ya zamani iliyokaa katikati ya bafle mbili.

Ilianza kuuzwa kule Japani tarehe 1 Oktoba 1982: Sony CDP-101, yenye droo ya mbele na telekomande. Philips ya Uholanzi, iliyobuni CD pamoja na Sony, ilileta CD100 yake Ulaya mwaka 1983, ile ya kufunguliwa kwa juu. Disiki ina upana wa sentimita 12, na ilipimwa kubeba dakika 74 za muziki.

Gramafoni inasoma kwa sindano, na kila unapocheza disiki inalika. CD inasomwa kwa mwanga wa laza, bila kuguswa. Laza inaanza katikati na kwenda ukingoni. Disiki inazunguka mara 500 hivi kwa dakika, kisha inapunguza mpaka 200. Vishimo vidogo vinasomwa kama namba, na mashini inageuza namba kuwa sauti. Mbele kuna kioo cha kuonyesha namba ya wimbo na dakika zake. Unaweza kuruka wimbo, kuurudilia, ao kupanga nyimbo unavyotaka.

Uzito wake unatoka wapi? Ndani kuna transfoma ya nyuzi za shaba. Marantz CD-63 MkII KI Signature, ya mwaka 1996, ilipakwa shaba hata kwenye sanduku lake, juu ya kuzuia kelele za umeme. Na shaba njo mali iliyofanya Shituru ijulikane, tangu Union Minière ilipofungua kiwanda chake hapo mwaka 1929.

Shaba ilitoka, na sauti nayo ilitoka. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, hapa hapa mjini, wakati ukiitwa Jadotville. Wimbo wake Masanga ukauzwa kwa disiki ya gramafoni ya Gallotone, ya Afrika Kusini. Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Baadaye kampuni SWP ya Uholanzi ikatia rekodi za Tracey za pande zetu kwa CD. Njo vile gitaa iliyopigwa Jadotville ikawa bidhaa ya kuagiza ngambo. Shaba ilipimwa kwa tani kabla ya kupanda gari-moshi. Nyimbo, nani alizihesabu?

Leo wengi wanasikiliza kwa simu, na mashini ya CD inaonekana takataka. Ndugu, usiivunje juu ya shaba kidogo ya transfoma. Mara nyingi ugonjwa wake ni mpira wa droo uliolegea, ao vumbi kwenye jicho la laza, na fundi anaweza kuutibu. Tuchunge mashini pamoja na disiki zake. Na wazee wanaopiga gitaa kwa vidole, tuwarekodi wakingali hai, na nakala moja ibaki hapa Likasi.