Nakala Moja Kuu au Nakala Kila Mahali?

Wapenzi wa tenzi wanaijua kazi ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na baadhi ya nakala zake zikafika maktaba za Ulaya. Nakala moja ikiliwa na mchwa, utenzi haufi. Ila sasa, ipi ndiyo sahihi? Hapo ndipo wahariri wanapokosa usingizi.

Nililikumbuka swali hilo niliposoma historia ya programu za kutunza matoleo, yaani zile zinazoweka kumbukumbu ya nani kabadili nini na lini. Kumbe watu wa kompyuta nao wamelumbana juu yake miaka mingi.

CVS, na baadaye Subversion, zilijengwa juu ya hifadhi moja. Historia yote inakaa kwenye seva; wewe unachukua toleo la kufanyia kazi, ukimaliza unarudisha. Ni rahisi kuelewa. Tena kwa mafaili yasiyounganishika, kama picha, Subversion inakuruhusu kulifunga faili ili wenzako wasubiri. Lakini seva ikizimika, hakuna wa kurudisha kitu. Na asiye na ruhusa ya kuandika humo anabaki msomaji tu.

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, hakuitaka CVS. Kwa miaka mingi alipokea marekebisho kwa barua pepe. Mwaka 2002 akahamia BitKeeper, iliyompa kila mtu nakala yake kamili. Tatizo ni kwamba ilikuwa mali ya kampuni, nao walipewa bure kwa masharti. Wengine walinung'unika: mradi huru utategemeaje chombo cha mtu? Mwaka 2005 ukazuka ugomvi, baada ya Andrew Tridgell kuandika programu yake ya kuwasiliana na BitKeeper. Ruhusa ya bure ikaondolewa.

Aprili hiyohiyo Torvalds akaanza kuandika Git, na ndani ya siku chache ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Humo kila badiliko lina jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo na yaliyotangulia. Ukigusa herufi moja ya zamani, majina yote yanayofuata hayalingani tena. Mwaka 2011 seva za kernel.org zilipovamiwa, hilo ndilo lililowatuliza watu: nakala kamili zilikuwa mikononi mwa wengi, na udanganyifu ungeonekana. Kijuma hakuwa na kinga hiyo.

Lakini tusidanganyane. Nakala za Linux hazihesabiki, ila dunia inaiangalia ya Torvalds. Na miradi mingi leo imerundikwa GitHub, mali ya Microsoft tangu 2018. Kitovu tulichokikimbia tumekijenga upya wenyewe.

Hata hivyo, nikiulizwa, nachagua nakala nyingi, mradi chombo cha kuzisomea nacho kiwe huru. Nusu ya pili ya sharti hilo ndiyo watu husahau. Ukifungua hifadhi kuu ya Linux leo ukarudi nyuma hadi mwisho, utakuta inaanzia Aprili 2005, kwenye toleo la majaribio la 2.6.12. Miaka ya BitKeeper haimo.