Malaika Watatu Walivyofika Kihurio

Sisi wa visiwani neno malaika tumelikuta vinywani mwa bibi zetu kabla ya kulikuta vitabuni. Mtoto mchanga huitwa malaika. Vinyweleo laini vya mkononi navyo ni malaika. Msikitini hutajwa Jibrili na kanisani hutajwa Gabrieli. Neno tumelipata kwa Waarabu. Katika Kiebrania cha Biblia na katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno linalotumika kwa malaika maana yake ni mjumbe. Kabla ya mabawa na mwanga, basi, malaika ni aliyetumwa.

Maana hiyo inatupeleka leo bara, Kihurio, wilayani Same, chini ya milima ya Upare Kusini, ambako tambarare hulimwa mpunga wa kumwagilia.

Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista waliotumwa kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upareni. Walijenga kituo chao cha kwanza Giti, huko Mamba, wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Kutoka hapo kazi ikaenea sehemu nyingine za Upare Kusini, zikiwemo Suji na Kihurio.

Ujumbe waliokuja nao ulikuwa wa malaika watatu wa Ufunuo sura ya 14. Wa kwanza anatangaza Injili kwa kila taifa na kuwaita watu wamche Mungu, maana saa ya hukumu imefika. Wa pili anatangaza kwamba Babeli imeanguka. Wa tatu anaonya dhidi ya kumwabudu mnyama, na hapo wanatajwa watakatifu wanaozishika amri za Mungu.

Kanisa hilo lilitokana na watu wa Marekani waliomsikiliza William Miller na kumngojea Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Baadhi yao walirudi kwenye Maandiko, na mwaka 1863 wakaunda kanisa lao. Malaika wale watatu waliwaelewa kuwa ni mfano wa watu, waumini wenye kazi ya kupeleka habari.

Upareni hawakukuta nchi isiyo na imani. Wapare walimjua Muumba, wakawaheshimu wazee waliotangulia, na misitu ya ibada ilikuwa na miiko yake. Mmisionari Ernst Kotz, aliyetoa sarufi ya Chasu mwaka 1909, baadaye aliandika kitabu kuhusu Wapare ambacho jina lake la Kijerumani linasema kwamba watu hao wamefungwa na hofu. Tunajiuliza kama bibi wa Kipare wa wakati ule angeiita hofu, au angeiita adabu kwa waliomzaa. Tena malaika wa kwanza hakuwaambia watu waache kucha. Aliwaambia ni nani wa kuchwa. Labda ndiyo sababu habari yake ilipata masikio: ilikuta watu wanaojua tayari kwamba kuna asiyeonekana anayestahili heshima.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliteremka kuifuata reli ya Tanga, yakapita Same na Mkomazi, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Nani sasa angefundisha? Wapare wenyewe. Waadventista Waingereza walipokuja baada ya vita, walikuta waumini wapo. Kama malaika wa Ufunuo ni watu waliotumwa, basi katika miaka ile wajumbe walikuwa wakulima wa milimani, waliosema Chasu.

Kumbukumbu za misheni zimehifadhi zaidi majina ya wanaume. Lakini amri anazozisisitiza malaika wa tatu zina Sabato ndani yake, na Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Kabla ya hapo maji yawe yamechotwa, kuni ziwe ndani, nguo ziwe zimefuliwa, na makande, chakula hicho cha Wapare kisichokubali haraka, yawe yameiva. Kina mama mnajua kazi hiyo huangukia mikono ya nani. Mahubiri husikika kanisani saa chache tu. Watoto hujifunza kwamba siku hii ni tofauti kwa kuona jiko limetulia.

Siku hizi wapo wanaoahidi kukuitia malaika wako kwa malipo. Tuwapime kwa kipimo cha Ufunuo wenyewe: mwishoni mwa kitabu Yohana anaanguka kumsujudia malaika, naye anamkataza, akijiita mtumishi mwenzake na kumwelekeza kwa Mungu. Mjumbe wa kweli hufikisha habari, haombi asujudiwe.

Ijumaa hii, dada, mnapofunika sufuria kabla ya magharibi, waulizeni mama zenu nani alileta imani nyumbani kwenu, kisha liandikeni jina lake.