Kufutwa na Kufufuliwa kwa Vyama: Sheria ya Ushirika ya 1982 na Funzo Lake kwa Mwambao

Mombasa ni mji unaofahamu hatima ya shirika lililoundwa kwa hati. Kampuni ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kifalme tarehe 3 Septemba 1888, ikauendesha mwambao kutoka mji huo, na kabla ya miaka saba kutimia ilikuwa imekwisha kuuacha utawala. Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake. Zaidi ya karne moja baadaye, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Baraza la Manispaa nalo lilikoma pamoja na mabaraza mengine yote ya Kenya, na nafasi yake ikashikwa na serikali ya kaunti. Ukumbi wa Tononoka na uwanja wake, ambao kwa miaka mingi umepokea mikutano ya siasa, haukuhama. Kilichobadilika ni mwenyewe.

Hapa ndipo lilipo suala la makala haya. Shirika ni mtu machoni pa sheria: lina jina, lina lakiri, laweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa, na halifi kwa kufa kwa wanachama wake. Je, sheria ikiisha kumwua mtu wa namna hiyo, yaweza kumfufua? Na yule afufukaye ni yule yule?

Mfano ulio bora zaidi katika Afrika ya Mashariki wapatikana Tanzania. Ushirika huko haukuanzia serikalini. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa nao waliunda shirikisho lao la Victoria. Baada ya uhuru vyama vilienezwa kwa haraka hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba, na mwaka 1966 tume ya uchunguzi ilibainisha ubadhirifu na uongozi dhaifu. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji kazi za ushirika, na Mei 1976 vyama vikuu vilifutwa. Kazi yao ya kununua na kuuza mazao ilikabidhiwa mamlaka za mazao.

Wakati huo huo miji ilikuwa imepatwa na mkasa wa aina hiyo. Mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972, uliziondoa halmashauri za miji. Huduma za mijini zilidhoofika kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi zirejeshwe kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 sheria kamili za serikali za mitaa zikatungwa. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Vyama vya Ushirika. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri kwamba lau angeanza upya, mambo mawili asingeyatenda: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika.

Lugha iliyotumika katika mkasa huu yastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili baraza huvunjwa, chama hufutwa, kampuni hufilisiwa. Vitenzi hivi havilingani. Kinachovunjwa huacha vipande, na vipande vyaweza kuungwa. Kinachofilisiwa huacha hesabu, na kila mdai hujua aende kwa nani. Bali kinachofutwa ni kama maandishi ubaoni: hakiachi kitu cha kushikwa. Tena, neno lililoenea kwa tendo la 1982 ni *kufufua* ushirika. Kufufua ni kumrudishia uhai yule yule aliyekufa, lakini sheria ile haikufanya hivyo. Iliunda vyama upya, msingi wake ukiwa kijiji, na baadaye vikafungamanishwa na jumuiya ya Chama cha Mapinduzi. Mkulima alikuta jina lile lile mlangoni, lakini hakuingia kwa hiari kama babu yake alivyoingia mwaka 1933.

Ilipasa kungojea Sheria ya 1991 ndipo ushirika ukarudishiwa msingi wake wa hiari na wa kujitawala. Kwa hiyo miaka kumi na mitano ilipita kati ya kufutwa kwa vyama na kurudishwa kwa kile kilichovifanya kuwa vyama. Wakati huo soko lilikuwa linafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vingi viliingia katika ushindani vikiwa na madeni, bila akiba, na bila imani ya wanachama. Jina lilirejea kwa kura za wabunge. Imani haikupigiwa kura.

Funzo kwa mwambao ni wazi. Sheria ya Kenya ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inatambua hati ya mji na bodi yenye lakiri yake, na huenda siku moja ukaaji wa Mombasa ukadai tena chombo chake wenyewe, mbali na kaunti. Wakati huo wafasiri wa sheria watahitaji kupambanua *kurejesha*, *kuunda upya* na *kufufua*, kwa maana kila neno lina jibu lake kwa maswali matatu: nani alipe deni la zamani, nani ashike ufunguo wa ukumbi wa Tononoka, na nani ahesabiwe kuwa mwanachama. Mswada unaotumia maneno hayo kana kwamba ni mamoja huwaachia mahakimu kazi ambayo ilikuwa ya wabunge, na huwaachia wananchi jina lisilokuwa na mwenyewe.