Kinyume: Neno la Wapiga Picha na Sanda ya Turin

Usiku wa tarehe 28 Mei 1898, Secondo Pia, mwanasheria wa Turin aliyeupenda mno ufundi wa kupiga picha, aliingia katika chumba cha giza kulisafisha bamba la kioo alilopigia picha sanda ya kitani ambayo Wakristo wengi huiamini kuwa ndiyo aliyozikiwa Yesu. Na pale alipotazamia kuona sura iliyovurugika, kama ilivyo ada ya bamba, ukamtokea uso wa mtu mwenye ndevu, dhahiri kuliko ulivyoonekana nguoni kwenyewe.

Bamba la namna hiyo waandishi wa leo huliita picha hasi. Neno hili halinitulizi moyo, kwani hasi katika hesabu ni kilichopungua chini ya sifuri, na kwa mfugaji kuhasi ni jambo la kisu na fahali, ilhali bambani hapana kilichopungua wala kilichokatwa: weupe na weusi vimebadilishana makao, basi. Heri tuseme taswira kinyume, kwa kuwa watu wa pwani wanayo tangu kale lugha ya kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu, na ajuaye siri yake huigeuza mara ya pili, maana ikarejea kamili. Ndivyo yalivyomfika Pia: nguo ilikuwa kinyume, bamba likaigeuza, sura ikarejea.

Walakini istilahi hii yaeleza mpango wa weupe na weusi tu, haidai kwamba mwanga ndio uliochora. Na juu ya mchoraji wa sura hiyo wataalamu hawajaafikiana. Wamarekani walioikagua sanda kwa saa 120 mwaka 1978 waliona umanjano wa taswira umekaa katika nyuzinyuzi za juu kabisa, haukupenya ndani. Mkemia Walter McCrone, kwa hadubini yake, akashikilia kuwa aliona ngeu, na kwamba kazi ile ni ya mkono wa msanii. Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Arizona zilipima kaboni ya kipande cha nguo hiyo, zikakadiria kitani chake kuwa cha kati ya mwaka 1260 na 1390; hesabu nzito, nami naikubali, ila yajibu swali la lini, na swali la vipi limebaki palepale. Mwaka 2009 Luigi Garlaschelli wa Italia alitandika kitani juu ya mtu hai, akakisugua kwa rangi, akakipasha moto, akakifua. Na nguo hiyo nayo, ilipogeuzwa kinyume, ilitoa uso.