Uchaguzi wa mfumo wa hifadhidata

Uchaguzi wa mfumo wa hifadhidata ni hatua ya kuamua ni mfumo upi utakaotunza, kupanga na kutoa data za programu mpya ya wavuti. Uamuzi huu hufanywa mapema, kabla watumiaji hawajaanza kuingiza taarifa zao. Sura ya tovuti inaweza kubadilishwa baadaye bila shida kubwa, lakini kuhamisha data za miaka mingi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni kazi ndefu, na kosa dogo linaweza kupoteza kumbukumbu za watu.

Aina kuu

Hifadhidata za uhusiano hutunza data katika majedwali yanayounganishwa kwa namba za utambulisho. Nadharia yake ilitolewa na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na lugha yake ni SQL. Miongoni mwake ni MySQL (1995), MariaDB iliyotokana nayo mwaka 2009, na PostgreSQL, iliyotokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. SQLite (2000) nayo ni ya uhusiano, lakini haihitaji seva: data zote zimo katika faili moja. Hutumika ndani ya simu za Android.

Hifadhidata za hati, kama MongoDB (2009), hutunza kila rekodi kama hati inayojitegemea, na hati mbili hazilazimiki kuwa na vipengele vilevile.

Vigezo vya uchaguzi

Umbo la data. Tuseme inatengenezwa programu ya kuandikisha mauzo ya karafuu ya wakulima wa shehia ya Wambaa, kisiwani Pemba. Mkulima mmoja huuza mara nyingi, na kila mara huandikwa tarehe, uzito kwa kilo na malipo. Data za namna hii zinafaa majedwali: jina la mkulima huandikwa mara moja tu, na mauzo yake yote hurejelea namba yake. Hifadhidata ya hati hufaa zaidi pale ambapo rekodi hazifanani, kwa mfano makala au fomu zenye maswali tofauti.

Ukamilifu wa miamala. Umeme ukikatika baada ya karafuu kuandikwa kuwa zimepokelewa lakini kabla deni la mkulima halijaandikwa, mfumo unapaswa kufuta hatua ya kwanza. Ama hatua zote mbili zikamilike, ama isifanyike hata moja. Bila kanuni hiyo, mkulima anaweza kupoteza haki yake bila mtu yeyote kukusudia.

Idadi ya waandishi. SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Hiyo inatosha kwa tovuti yenye wasomaji wengi na waandishi wachache, lakini makarani wengi wakiandika pamoja hulazimika kusubiriana. PostgreSQL na MySQL zimeundwa kwa hali hiyo.

Hali ya mtandao. Mahali ambapo intaneti hukatika, data huweza kutunzwa kwanza ndani ya simu, kisha kupelekwa kwenye seva mtandao unaporudi.

Utunzaji. Mfumo wa chanzo huria hauna ada ya leseni, lakini unahitaji mtu wa kuusimamia. Mfumo ambao mafundi wa karibu wanaujua mara nyingi ni bora kuliko ule unaosifiwa zaidi.

Mifano ya Afrika Mashariki

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Ulifaa kituo kimoja, lakini huduma za UKIMWI zilipopanuka ulielemewa. Kuanzia mwaka 2004 ukabuniwa mfumo wa OpenMRS, unaotumia MySQL. Badala ya kuongeza safuwima kwa kila swali jipya la daktari, OpenMRS ina kamusi ya dhana, na kila jibu huingia kama safu mpya. Hivyo kipimo kipya huongezwa bila kubomoa majedwali ya zamani.

Zanzibar ilianza kutumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS katikati ya miaka ya 2000. Toleo la awali lilitegemea Microsoft Access katika kompyuta moja moja. DHIS2, ambayo ni programu ya wavuti, ilitengenezwa kwa tabaka la kati linalotenganisha programu na hifadhidata, na leo hutumia PostgreSQL. Kenya iliiweka mtandaoni kwa nchi nzima mwaka 2011. Programu yake ya simu hutumia SQLite kutunza data mtandao unapokosekana.

Wikipedia nayo ilihama kutoka MySQL kwenda MariaDB mwaka 2013. Uhamisho huo uliwezekana kwa kuwa mifumo hiyo miwili inakaribiana sana.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuchagua mfumo wa makampuni makubwa kwa ajili ya programu yenye watumiaji mia chache. La pili ni kuchukua nakala rudufu bila kujaribu kuirejesha. Nakala isiyojaribiwa haina uhakika. La tatu ni kusahau sheria. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, kwa hiyo mtengenezaji anapaswa kujua data za watu zitatunzwa wapi na nani ataruhusiwa kuzisoma.